Kikapu cha Pak Harjana

Giyarti akipika kwake, anaunguza. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeishi jirani naye miaka ishirini na sita, ukuta kwa ukuta, na harufu ya wali wake ulioshika chini naijua kuliko marashi yangu. Amewahi kwenda sokoni kwa pikipiki akarudi kwa miguu, na pikipiki akaikumbuka magharibi. Amewahi kufukuzwa kwenye karakana ya batiki kwa sababu alianza vitambaa tisa na hakumaliza hata kimoja. Akikusimulia habari ya msiba, katikati anaingiza kuku, halafu bati la msikiti, na ukimwuliza ni nani hasa aliyefariki, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyepotea.

Lakini mpeleke kwenye jiko la harusi. Hapa kwetu Kedungluwih, kijijini Java, mtu akioza binti, wanawake wa kitongoji kizima tunahamia nyuma ya nyumba yake siku tatu kumpikia. Meko kumi na mawili, wanawake hamsini, kila mmoja na kisu chake na maneno yake. Mtu mwenye akili ya kukaa mahali pamoja, kama mimi, anapata kizunguzungu. Giyarti ndipo anapotulia. Anaongea na watu watatu kwa pamoja, na huku anasikia kwamba sufuria ya mwisho kabisa imeanza kukauka. Anasema bila hata kugeuka, "Tinah, fenesi lako linataka kushika," Tinah akifunua, ni kweli. Nilimwuliza mara moja anafanyaje. Akasema hajui, yeye anashangaa sisi wengine tunawezaje kutosikia.

Binti yake Ratri, muuguzi huko mjini Yogya, alikuja mwaka jana akatukalisha wawili sebuleni. Akasema hali ya mama yake ina jina, upungufu wa umakini, na watu wa namna hiyo si wajinga wala si wavivu. Akili yao haikai mlango mmoja. Inaingia kila mlango ulioachwa wazi. Giyarti alisikiliza mpaka nusu, akatoka kumfukuza mbuzi. Mimi nikamjibu Ratri kwamba jina halisugui sufuria iliyoungua.

"Akili ni nywele, Bude," akaniambia, kwa kuwa mimi ni kama shangazi yake. "Kila mtu ana zake."

Zangu mimi zimesukwa vizuri, nilijisemea.

Kazi yangu mimi ni daftari. Kwetu hatualiki kwa kadi. Siku mbili kabla ya harusi, kila nyumba inayoalikwa inapelekewa kikapu cha mwanzi chenye wali, tambi, yai na kipande cha nyama ya ng'ombe. Ukikipokea umefungwa: lazima uje. Usipopelekewa huji, hata bwana harusi awe mpwa wako, hata muziki uusikie ukiwa kitandani. Nyumba iliyorukwa haisahau. Kwa hiyo daftari la majina, moja kwa shughuli za nyumba zote, linashikwa na mtu mmoja asiyekosea, na mtu huyo kwa miaka kumi na minne nimekuwa mimi. Naandika jina, kikapu kikitoka naweka tiki, na mwaka ukiisha nanakili majina yote kwenye daftari jipya kwa mwandiko safi.

Wening, binti wa Pak Marwoto, yaani Bwana Marwoto, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alipopata mchumba, mama yake aliniita pembeni. Bu Marwoto, yaani Mama Marwoto, si mtu wa kuzungusha maneno.

"Rum, mwaka jana Giyarti alisahau sukari ya chai, watu mia tatu wakanywa maji ya majani. Nimevumilia. Safari hii akikosea tena, mwiko nampa Tinah, na hatasimamia tena jiko la mtu yeyote humu."

Giyarti aliambiwa. Hakujitetea. Ni mjane, shamba lake ni mawe matupu, na dukani watu humwita Bu Sahau mbele ya macho yake. Mahali pamoja tu duniani watu hamsini humwuliza yeye la kufanya, nako ni kwenye yale mafiga. Nilijua kwamba akinyang'anywa mwiko ule hatabakiwa na kitu, na yeye alijua zaidi yangu. Siku tatu zile alijifunga uzi mwekundu kwenye kila kidole, kila uzi na jambo lake, na kufikia siku ya pili alikuwa hakumbuki uzi upi ni wa jambo gani.

Asubuhi ya harusi yenyewe, wageni wa upande wa bwana harusi walitarajiwa saa nne. Wakifika, hawawezi kuingia chini ya turubai mpaka mpokeaji asimame langoni awakaribishe kwa Kijava cha juu, kile ambacho wengi wetu tunakielewa nusu na kukiitikia chote. Mpokeaji wetu ni Pak Harjana, mwalimu mstaafu. Kawaida saa mbili kamili yuko kwenye kiti, anakunywa chai glasi mbili na kurekebisha kilemba chake cha batiki. Saa mbili ikafika, kiti kitupu. Saa mbili na nusu, kitupu. Saa tatu kasorobo Tarjo, mdogo wake Pak Marwoto, akaenda kwa pikipiki kumwangalia. Alirudi akaja moja kwa moja kwangu, si kwa kaka yake.

"Yuko uani analisha kuku. Kavaa kaptula."

"Kasemaje?"

"Kasema tuwasalimie wote. Kasema hakujua kama kuna harusi."

Nilifungua daftari. Harjana, tiki, kwa wino wangu mwenyewe. Nilisoma mstari ule mara tatu, halafu nikakumbuka kwamba juzi mnyororo wa pikipiki ya Tarjo ulikatika kikiwa kimebaki kikapu kimoja. Nikaenda jikoni. Giyarti alikuwa kati ya mafiga, anaonja mchuzi huku anamwelekeza mtu jinsi ya kukuna nazi.

"Mbak," nikasema, maana humwita dada, "kile kikapu cha mwisho cha juzi. Ulisema utakipeleka mwenyewe, ni hapo tu. Ulimpa nani?"

Alisimama na mwiko hewani. Niliona anarudi nyuma kichwani mwake, nyumba kwa nyumba.

"Lasmi," akasema.

"Lasmi yupi?" Niliuliza tu. Lasmi ni mmoja.

Ni mke wa Pak Sukirdi. Sukirdi na Pak Marwoto waligombea mti wa msaji mpakani mwa mashamba yao miaka kumi na moja iliyopita. Mti ulikatwa, maneno yakatoka ambayo hayarudishiki, na tangu hapo Sukirdi na mkewe hawakanyagi shughuli yoyote. Nyumba yao iko njiani, kati ya kwa Pak Marwoto na kwa Pak Harjana.

"Nilikuwa napita, Rum. Wameanika nguo za sherehe kwenye kamba. Koti la Sukirdi, kitambaa chake cha batiki, mpaka mkanda. Na mwezi huu hakuna harusi nyingine, wewe unajua. Siku zote tulizokuwa tunapika moshi ulikuwa unaingia kwao. Lasmi akatoka, hakunitazama usoni, alikitazama kikapu. Nikampa."

"Halafu?"

"Halafu nikamwona mbuzi wa Bu Parsih kanasa shingo kwenye uzio."

"Na Pak Harjana?"

"Hapo kwenye mbuzi ndipo aliponiponyoka."

Wallahi nilitaka kumpiga na daftari. "Mshika mawili moja humponyoka," nikamwambia, "na wewe umeshika hamsini. Unajua umefanya nini? Umemruka mpokeaji, umemwalika adui wa mwenye nyumba." Sikupunguza sauti. Wanawake waliacha kukata vitunguu. Tinah, ambaye ndiye angepewa mwiko, aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini masikio yalikuwa wima.

Giyarti alimpa mtu mwiko, akajaza kikapu kipya, na tukaenda wawili mbio mpaka kwa Pak Harjana. Alitupokea barazani kwa adabu zote, na adabu zake siku ile zilikata. Hakukigusa kikapu.

"Hiki ni cha leo," akasema. "Cha juzi kilikwenda wapi?"

"Kosa ni langu, Pak Guru. Nilikusahau," Giyarti akasema.

"Najua, Bu. Wala sikukasirikii wewe. Lakini mtu anayepelekewa kikapu baada ya kutafutwa, hajaalikwa. Kaitwa kazini." Akainua bakuli la pumba. "Samahani, kuku wangu hawajamaliza."

Alikuwa na haki, ndilo lililonichoma. Tulirudi njiani na kile kikapu kinapoa. Nilikuwa nahema na kuwaza maneno ya kumwambia Pak Marwoto, na kila nililopata lilikuwa baya kuliko la kwanza. Simu ya Tarjo ikaniita: wageni wameshapita sokoni, robo saa watakuwa hapa.

Hapo ndipo Giyarti alipoacha kukimbia. Nimeliona hilo mara nyingi jikoni na bado hunitisha. Mambo yakiwa shwari yeye ni tufani. Maji yakizidi unga, anatulia.

"Kabla ya Pak Harjana, nani alikuwa mpokeaji?"

Nilijua. Nilijua pia anakoelekea. "Usithubutu, Mbak."

"Sukirdi. Alipokea harusi yangu mimi. Na nguo keshavaa, Rum, yuko njiani. Kala kikapu, lazima aje."

Tulipofika, yeye na mkewe walikuwa wameshafika. Sukirdi na Lasmi walisimama langoni, yeye na koti lake na jambia mgongoni, mkewe na bahasha ya mchango imeshikwa kwa mikono miwili. Muziki ulikuwa umezimwa. Wageni chini ya turubai walikuwa wanatazama glasi zao. Pak Marwoto alikuwa ameinuka kwenye kiti, na shingo yake imevimba, mtu ambaye mpokeaji wake hayupo na aliyepo ndiye asiyemtaka kuliko watu wote duniani.

Giyarti akapita katikati yao na kile kikapu kilichokataliwa bado kiko mkononi.

"Pak Marwoto, aliyempelekea kikapu ni mimi. Hakujileta."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Nilisahau kuuliza."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Pak Marwoto hakucheka.

"Kikapu kilitoka jikoni kwako," Giyarti aliendelea, kwa sauti ileile ya kumwambia mtu fenesi linashika. "Yai ni lako, nyama ni yako. Hasira nimalizie mimi, hata mwiko nitauacha leo. Lakini usiifanye nyumba hii itoe chakula kwa mkono wa kulia na kukidai kwa mkono wa kushoto, siku ya Wening."

"Twende, Lasmi," Sukirdi akasema kwa sauti ndogo, akageuka.

Lasmi hakugeuka. "Wewe nenda," akasema. "Mimi nimekula yai lao. Siondoki nalo tumboni kama mwizi."

Honi ya basi la bwana harusi ililia kule kwenye kona ya msikiti. Nilimwona Pak Marwoto anatazama barabara, anatazama kiti kitupu cha Pak Harjana, anatazama mlango wa nyumba yake. Wening alikuwa amefika pale mlangoni, amepambwa, uso wote umeshachorwa, mahali ambapo bibi harusi hapaswi kuonekana kabla ya saa yake. Alikuwa anatetemeka mpaka maua ya kichwani yanacheza.

"Kang," Pak Marwoto akasema hatimaye. Neno hilo, la kumwita mtu kaka, hakuwa amelitumia kwa Sukirdi tangu ule mti. "Maneno ya kupokea bado unayakumbuka?"

"Sijui," Sukirdi akajibu. "Sijayasema miaka kumi na moja."

"Basi jaribu."

Akasimama langoni. Basi likashusha watu, wakajipanga juani na masinia yao. Sukirdi akashika kipaza sauti na kuanza, na sauti yake ilikuwa kavu, lakini maneno yalitoka moja baada ya jingine, mazuri, ya zamani. Katikati akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, moja, tatu, tano. Msemaji wa upande wa pili akainua kichwa. Pak Marwoto akafumba macho. Mimi nilikuwa nimemkamata Giyarti kiwiko bila kujua, namkamua kama nguo, na kwenye kimya kile, watu mia tatu wamebana pumzi, yeye aligeuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba akanong'ona, "Wali." Akajichomoa akaondoka mbio. Chungu cha tatu cha mvuke kilikuwa kimekauka maji. Angechelewa kidogo, wali wa watu mia ungenuka moshi. Kwa hiyo hakuwepo Sukirdi alipopata tena maneno yake, sijui sehemu ileile au nyingine, akamaliza, na wageni wakaitikia na kuingia kivulini.

Harusi ikapita. Watu walikula wakashiba, chai ilikuwa na sukari.

Alasiri tulikaa kisimani tunasugua masufuria, na Bu Marwoto akaja akasimama mbele yetu, bado na kitambaa chake cha hariri.

"Mungu katusitiri," akasema. "Lakini kosa ni kosa. Pak Harjana kafedheheshwa, na nilishasema. Mwiko uende kwa Tinah."

Giyarti alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Kidevu kilikuwa kinamcheza, akakibana kwa bega.

"Ni haki," akasema. "Yule mzee nilimsahau kabisa. Hata sasa nikitafuta jinsi nilivyomsahau, sioni."

Nilimkumbuka na zile nyuzi nyekundu vidoleni, na nikaona haya kwamba siku nzima nilikuwa nimejificha nyuma ya makosa yake.

"Tiki niliweka mimi," nikasema. "Nilimwona anatoka na kikapu, sikumwona anafika. Kila mtu humu anajua kwamba Giyarti hawezi kutembea hatua mia bila kugeuzwa na kitu, na mimi namjua kuliko wote, na nikamwacha abebe. Na kila mtu anajua pia kwamba bila yeye leo tungekula wali wa moshi. Hatuwezi kutaka masikio yake halafu tumlaumu kwa kusikia. Mwiko ubaki kwake. Vikapu asibebe tena, hata kimoja. Kesho mimi na yeye tunakwenda kumwomba radhi Pak Harjana, na nitakuwa nimemshika mkono njia nzima."

Tinah ndiye aliyecheka kwanza, na akasema kwamba yeye na meko kumi na mawili angelia kabla ya adhuhuri. Bu Marwoto akanigeukia. "Haya," akasema. "Lakini ni juu yako, Rum." Giyarti hakusema asante. Alikuwa ameshaanza kusimulia kuhusu yule mbuzi.

Lasmi alikuwa amekaa pembeni yangu, amekunja kitambaa chake cha sherehe mpaka magotini, anasugua chungu. Alikuwa amekuja kusaidia bila kuombwa, na hakuna aliyemwuliza. Sasa akasema, taratibu, kwa ajili yangu peke yangu:

"Rum, nikuulize. Sisi tuligombana na Marwoto. Harusi ya Tinah haikuwa ya Marwoto. Arobaini ya mama yake Parsih haikuwa ya Marwoto. Na wewe mwenyewe ulipomtahirisha mwanao. Hakuna kikapu hata kimoja. Miaka yote nilidhani kila nyumba imekaa chini ikatukataa."

Ningeweza kusema kwamba mwenyekiti aliniagiza, na angeniamini. Lakini hakuniagiza. Alisema siku moja, kwa hasira, kwamba yule mtu asiitwe kwake, kwake tu. Mimi ndiye niliyekwenda nyumbani, nikafungua daftari, nikalipiga jina lao mstari. Nilipenda kazi safi, na ili mstari usipinde nilitumia rula.